Picha ya Chapa Yenye Fremu: Isome Kabla ya Kuinunua

Kabla hatujaanza naomba kila darasa liweke mezani vitu vitatu: kalenda moja ya ukutani yenye picha ya rangi, kioo cha kukuzia kama kipo, na muhuri wowote wa mpira, ule wa kugongea barua. Darasa lisilo na muhuri lisihangaike. Kila mmoja wenu ana muhuri wake mkononi, nami nitawaonyesha hivi punde.

Juma lililopita tulisoma risiti ya duka. Leo twasoma picha. Msicheke. Picha nayo ina maandishi yake, madogo, ya kalamu ya risasi, chini kabisa ya mchoro, na watu wengi wenye macho mazima na elimu ya kutosha hupita bila kuyaona. Hulipa, hubeba picha yao, huenda zao. Baada ya miaka miwili karatasi imekuwa ya manjano, au rangi nyekundu imetoweka, au amekuja mgeni ajuaye mambo haya akawaambia kwamba ile waliyoinunua kwa bei ya mbuzi ni karatasi ya bei ya yai. Wakirudi dukani, hawana la kudai, kwa maana hawakuuliza, wala hakuna lililoandikwa.

Basi leo tutazungumza habari ya mtu atakaye kununua picha nzuri ya kutundika nyumbani, picha iliyochapwa juu ya karatasi na kutiwa katika fremu yenye kioo. Atazame nini? Aulize nini? Na fedha yake ailipie nini?

CHAPA NI NINI

Tazama kidole gumba chako. Kina mistari iliyoinuka, na katikati ya mistari mna vibonde. Ukikigusisha juu ya kitambaa chenye wino, mistari hupata wino, vibonde havipati. Ukikikandamiza juu ya karatasi, mistari hutoka nyeusi na vibonde hubaki vyeupe. Wengi wenu mmelifanya jambo hili katika hati za shamba au za mkopo, kabla hamjajifunza kuandika majina yenu. Ile ndiyo chapa.

Mchoraji wa chapa hufanya vivyo hivyo, ila kidole chake ni kipande cha ubao, au cha linoleamu, ambayo ni kama mpira mgumu wa kutandika sakafuni. Huchonga kwa patasi ndogo. Mahali alipochonga patabaki peupe. Alipoacha patapata wino. Akimaliza kuchonga hupaka wino, hulaza karatasi juu yake, kisha husugua mgongo wa karatasi kwa kijiko cha mti au huipitisha katika mashine ya kukandamiza. Akiibandua, picha moja imetoka. Akitaka ya pili hana budi kupaka wino tena na kulaza karatasi nyingine. Kwa hiyo zaweza kutoka picha thelathini zinazofanana, na kila moja imefanyiwa kazi yake peke yake.

Sasa twaa ule muhuri wa mpira, ujaribu kuusoma. Herufi zimegeuka, sivyo? Ya kushoto iko kulia. Hivyo ndivyo inavyompasa mchonga chapa kuchonga. Alikuwako mchoraji mmoja mashuhuri, John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kufariki Windhoek, Namibia, mwaka 1987. Alisomea kazi hii katika chuo cha sanaa cha Rorke's Drift huko Afrika ya Kusini. Yeye alipenda kuweka maneno ndani ya picha zake za linoleamu. Ili neno lisomeke vizuri juu ya karatasi, hapana budi lichongwe kinyumenyume. Ninyi mnaoijua taabu ya kunyoosha herufi kwa penseli, fikirini taabu ya kuigeuza na kuichonga kwa kisu!

Kuna namna nyingine, na hii ni kinyume cha ile ya kwanza. Bamba la shaba nyekundu au la zinki hupakwa nta. Mchoraji huchora kwa sindano, akiikwaruza nta. Kisha bamba hutiwa katika tindikali, nayo tindikali huliuma bamba mahali penye mikwaruzo tu, kwa maana penginepo nta yalilinda. Nta ikiisha kuondolewa, wino husuguliwa uingie ndani ya ile mifereji midogo, na juu ya bamba hupanguswa pawe safi. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa kati ya magogo mazito ya chuma. Hapa wino watoka katika vibonde, wala si katika mistari iliyoinuka. Alama yake ni rahisi kuijua: ukingo wa bamba huacha mbonyeo katika karatasi, kuzunguka picha yote. Inamisha karatasi upande wa mwanga, utauona. Kwetu Dar es Salaam kazi ya namna hii ilifanywa katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Marehemu George Lilanga, aliyejulikana zaidi kwa vinyago na kwa picha zake za rangi zenye watu wa masikio makubwa, alitoa pia picha za bamba.

Zipo namna nyingine, kama ile ya kuchapa kwa jiwe aliyoivumbua Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796, na ile ya kupitisha rangi katika kitambaa chembamba, ambayo hutumika hata kuchapa fulana. Leo hatutazifuata. Ukiielewa habari ya kidole gumba, hizo nyingine utaelezwa dukani na utazielewa.

NAKALA YA MASHINE

Sasa itazameni ile kalenda. Ni picha nzuri, ina rangi zote. Iweke chini ya kioo cha kukuzia. Rangi zimevunjika, zimekuwa nukta ndogo ndogo: za buluu, za waridi, za manjano na nyeusi, zimepangwa kwa safu kama shanga. Hakuna kijani pale. Kuna buluu na manjano zilizokaribiana, na jicho lako ndilo linalozichanganya. Hiyo ni nakala ya mashine. Mtu alichukua picha iliyokwisha kuchorwa, akaipiga kwa kamera, na mashine ikatoa karatasi mia, au elfu kumi. Mchoraji pengine hakugusa hata moja. Pengine alikufa zamani.

Siku hizi kuna pia mashine za kompyuta zinazorusha wino kwa matone madogo mno. Katika hizo nukta hazikupangwa kwa safu; ukitazama kwa kioo utaona kama vumbi la rangi. Lakini katika chapa ya mkono, ya ubao au ya linoleamu, utaona wino umejaa na kutulia kama rangi iliyopakwa mlangoni. Hauna nukta.

Naona wengine mwadhani kwamba nawakataza nakala za mashine. La, hasha. Nakala nzuri yaweza kumfurahisha mtu nyumbani kwake maisha yake yote, na si kila nyumba ina uwezo wa zaidi. Kwa mfano, huko Japani mchoraji Hokusai alitoa, kama mwaka 1831, picha ya wimbi kubwa la bahari linalotaka kumeza mashua, na nyuma yake mlima Fuji umeonekana mdogo kama kichuguu. Picha hiyo ilichapwa kwa vibao vya mti, ikatolewa karatasi maelfu, ikauzwa kwa watu wa kawaida kwa bei ndogo. Leo karatasi chache za wakati ule zimebaki. Mwaka 2023 moja iliuzwa mnadani huko New York kwa zaidi ya dola milioni mbili na nusu. Basi ukiiona picha hiyo katika duka la fremu mjini, nawe waipenda, hakuna ubaya kuinunua. Ila ujue kwamba ni nakala ya mashine, na bei yake iwe bei ya nakala. Ubaya ni kulipia ubao uliochongwa na kupewa nukta.

Na hapa nyumbani kuna kosa moja linalowapata wengi, hasa wageni. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, hakuwa mchapaji. Alipaka rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, hufanya vivyo hivyo hata leo, juu ya ubao au kitambaa. Basi mtu akikuonyesha chui wa Tingatinga aliye juu ya karatasi, chini ya kioo, na kukuambia kwamba ni kazi ya mkono wa Tingatinga mwenyewe, mrudishie kwa adabu. Hiyo ni picha ya picha.

MAANDISHI YA KALAMU YA RISASI

Tumefika mahali panapotuhusu sisi wasomaji. Chini ya chapa ya mkono, katika sehemu nyeupe ya karatasi, mchoraji wa siku hizi huandika kwa kalamu ya risasi. Kushoto huandika namba, mathalani 7/30. Katikati huandika jina la picha. Kulia hutia sahihi yake, na mara nyingi mwaka.

Someni ile namba. Wale waliokwisha kujifunza hesabu za sehemu watasema ni saba juu ya thelathini. Wengine watasema ni tarehe. Siyo. Maana yake ni hii: mchoraji alitoa karatasi thelathini za picha hii, na hii uliyoishika ni ya saba. Karatasi hizo zote pamoja huitwa toleo. Akishatoa thelathini, ameahidi kwamba hatatoa nyingine, na wachoraji wengine hulikwaruza bamba au kulikata ili ahadi hiyo isivunjwe.

Je, ya saba ni bora kuliko ya ishirini? Kwa kawaida sivyo. Linoleamu haichoki upesi. Lakini kuna picha za bamba ambazo mistari yake imekwaruzwa kwa sindano tu, bila tindikali. Hizo huchoka upesi chini ya mashine, na za mwanzo hutoka nzuri zaidi. Namba ya kutazama zaidi ni ile ya kulia ya mkwaju. Toleo la 30 ni chache. Toleo la 500 si chache, hata muuzaji aseme nini.

Mara nyingine badala ya namba utaona herufi A/P. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, maana yake ni kwamba karatasi hiyo mchoraji alijiwekea mwenyewe nje ya hesabu ya toleo. Si kasoro. Ila zikiwa nyingi kuliko zile zenye namba, uliza kwa nini.

Mbona kalamu ya risasi, na si wino? Kwa sababu risasi haipauki kwa jua kama wino mwingi upaukavyo. Tena ni vigumu kwa mashine kuiigiza. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia, risasi hung'aa kidogo na pengine imeacha mfereji katika karatasi. Sahihi iliyochapwa na mashine haina mfereji, nayo ina nukta zile zile za kalenda.

Walakini jihadhari na jambo moja. Sahihi ya kweli na namba ya kweli zaweza kuandikwa chini ya nakala ya mashine. Mchoraji aweza kutoa nakala mia tano za mashine, akaketi siku nzima kuzitia sahihi. Si wizi, kama mnunuzi ameambiwa. Kwa hiyo usikomee kwenye sahihi; uliza jinsi picha ilivyochapwa. Sikilizeni mazungumzo haya mafupi. Bei zilizomo ni za kujifunzia hesabu tu, si za soko.

MUUZAJI: Shikamoo, mama. Karibu ndani.

MNUNUZI: Marahaba, mwanangu. Ile picha ya wavuvi pale juu, bei gani?

MUUZAJI: Laki moja na ishirini, mama. Hiyo ni chapa halisi, tena ina namba.

MNUNUZI: Nishushie niitazame. Naona hapa pameandikwa 212/500. Zimetolewa mia tano?

MUUZAJI: Ndiyo, mama. Ni chache hizo.

MNUNUZI: Mia tano ni chache? Haya. Aliichonga mwenyewe, au mchoro wake ulipigwa kamera ukachapwa kwa mashine?

MUUZAJI: Mchoro wenyewe ni wa rangi za maji, mama. Hizi zilitolewa kwa mashine, naye akaja kutia sahihi.

MNUNUZI: Basi ni nakala yenye sahihi.

MUUZAJI: Waweza kusema hivyo.

MNUNUZI: Ndivyo ilivyo, mwanangu. Na fremu peke yake ni kiasi gani?

MUUZAJI: Fremu elfu sitini.

MNUNUZI: Kwa hiyo karatasi nayo ni elfu sitini. Mimi nitakupa elfu thelathini ya karatasi. Na hiyo sitini ya fremu tutaongea nikishauona mgongo wake.

MUUZAJI: Ongeza kidogo, mama.

MNUNUZI: Igeuze kwanza.

Tumwache mama hapo na kijana wake. Mmeona kwamba hakugombana na mtu. Alisoma namba, akauliza ilivyochapwa, akatenganisha bei ya karatasi na bei ya fremu. Hilo la mwisho ndilo ninalowasihi mlishike, kwa sababu fremu ya dhahabu dhahabu huficha mambo mengi. Mimi naona ni afadhali chapa ndogo ya mkono, ya mchoraji aliye hai, katika fremu ya mbao isiyo na mapambo, kuliko nakala kubwa katika fremu ya kung'aa. Lakini nyumba ni yako.

MGONGO WA FREMU

Kwa nini mama alitaka kuona nyuma? Kwa sababu mbele fremu zote ni nzuri.

Anza na kioo. Kioo kisiguse karatasi. Sisi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam twaijua hewa yetu: ina maji. Usiku ukipoa, unyevu hushika upande wa ndani wa kioo, na karatasi iliyolala juu yake huunywa. Wino hunata kwenye kioo. Ukijaribu kuibandua, picha hubaki nusu huku na nusu huku. Kuvu nayo huota madoa ya kahawia. Ndiyo sababu mafundi wazuri huweka kati ya kioo na picha kadi nene iliyokatwa dirisha katikati. Watu hudhani ni pambo. Kazi yake hasa ni kuiweka karatasi mbali na kioo.

Kadi hiyo nayo iwe ya namna gani? Mmeona gazeti likiachwa juani siku chache jinsi linavyogeuka manjano. Karatasi na kadi za bei ndogo hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake hutokea asidi. Asidi hiyo hailiharibu gazeti peke yake. Huhamia katika karatasi iliyo jirani. Picha iliyokaa miaka mingi na kadi mbaya hupata mstari wa kahawia kuzunguka dirisha, kama alama ya chai katika kikombe, na mstari huo hautoki kwa kufuta. Mwambie fundi wataka kadi isiyo na asidi, mbele na nyuma ya picha. Ni ghali kidogo. Kwa nakala ya mashine ya bei ndogo waweza kuiacha. Kwa chapa ya mkono usiiache.

Kisha uliza picha imeshikwa kwa nini. Ikiwa ni kwa utepe wa plastiki wa kunatia, ule wa kufungia bahasha, mwambie autoe. Gundi yake baada ya miaka hugeuka manjano na kupenya katika karatasi. Ikiwa picha yote imegandishwa juu ya ubao, ni vibaya zaidi, maana haitatoka tena. Njia njema ni bawaba mbili ndogo za karatasi nyembamba, zilizopakwa gundi ya wanga, zimeshika picha upande wa juu tu. Karatasi hutanuka kidogo wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Ikishikwa pande zote hujikunja kama jani la mgomba juani. Ikining'inia kutoka juu, hushuka na kupanda yenyewe, imenyooka.

Mwisho wa mgongo, tazama kama umezibwa kwa utepe wa karatasi pande zote nne. Palipo wazi mende huingia, na wadudu wadogo wala karatasi, nao huzaana humo kwa amani.

Sasa neno zito kuliko yote kwa fundi wa fremu: ASIKATE KARATASI. Nimeona mafundi wenye fremu tayari za kipimo kimoja. Picha ikizidi, huipunguza kwa mkasi ili ienee. Na kinachozidi ni nini? Ni zile pembezoni nyeupe, zenye namba na jina na sahihi. Dakika moja ya mkasi, na chapa yenye historia yake imekuwa karatasi isiyojulikana ilikotoka. Fremu na iifuate picha.

Basi tufanye hesabu. Tuseme mchoro wako, pamoja na mstari wa kalamu ya risasi ulio chini yake, una upana wa sentimeta 30 na urefu wa sentimeta 40. Dirisha la kadi litaonyesha hayo yote. Kadi iwe na sentimeta 5 kushoto, 5 kulia na 5 juu. Chini tuweke 6, kwa maana ikilingana jicho huona kana kwamba picha yateremka. Upana wa kadi: 5 na 30 na 5, ni 40. Urefu: 5 na 40 na 6, ni 51. Hicho ndicho kipimo cha ndani cha fremu. Kuzunguka ni 40 na 51 na 40 na 51, jumla 182. Kama ubao wa fremu una upana wa sentimeta 3, kila pembe itakula 3 mara mbili, na pembe ni nne, yaani 24. Jumla 206. Na msumeno nao hula. Ukimpelekea seremala mita mbili na robo, hatakuwa na la kulalamika, wala hatakutuma tena dukani.

Ikiwa nyumba ina watoto wacheza mpira sebuleni, waweza kutumia plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Ni nyepesi na haivunjiki upesi, lakini hukwaruzika, kwa hiyo usiisugue kwa kitambaa kikavu chenye vumbi.

KUITUNDIKA

Mmewahi kuziona zile picha za mitindo ya nywele katika duka la kinyozi, zilizokaa miaka mingi karibu na mlango? Watu wote wamekuwa wa buluu. Rangi ya waridi na ya manjano zimekwisha kuliwa na jua, buluu na nyeusi zimebaki. Nakala yako itapatwa na hayo hayo ukiitundika mkabala wa dirisha. Wino mweusi wa chapa, ambao kwa kawaida ni wa masizi, huvumilia zaidi. Lakini karatasi yenyewe haivumilii. Chagua ukuta usiopigwa na jua asubuhi wala jioni, usio karibu na jiko, na usio na bafu nyuma yake. Ukuta wa nje unaolowa wakati wa masika haufai.

Kati ya picha iwe kama sentimeta 150 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Wengi wetu hutundika juu mno, karibu na dari, kama saa ya stesheni, na maandishi ya kalamu ya risasi hayasomeki tena. Tia misumari miwili, si mmoja, ili fremu isiende upande. Kwa ukuta wa matofali ya saruji, toboa kwa keekee na utie plagi ya plastiki kabla ya skrubu. Nyuma ya pembe mbili za chini gandisha vipande vya mpira au kizibo, unene wa kidole, ili hewa ipite kati ya ukuta na fremu. Ukisafisha kioo, lowesha kitambaa, usimwagie kioo maji, kwa sababu maji huteremka na kuingia chini ya ubao.

Ukirudi na picha nyumbani usisahau risiti. Iandikwe jina la mchoraji, jina la picha, namba yake, mwaka, jinsi ilivyochapwa, bei ya karatasi na bei ya fremu. Muuzaji akiandika tu neno “picha”, mrudishie kalamu umwambie aongeze. Risiti hiyo iweke katika bahasha pamoja na hati zako nyingine. Usiigandishe nyuma ya fremu.

Sasa mwalimu wa darasa atazima redio, na kuandika ubaoni mstari huu kama ulivyo:

4/25     Wavuvi wa Asubuhi     A/P

Kila mwanafunzi ausome kwa zamu. Katika mstari huo nimetia maandishi mawili yasiyopaswa kuwa pamoja, na pale penye sahihi hapana sahihi. Mzungumze ninyi kwa ninyi: ni yapi hayo, na mngemwambia nini muuzaji? Majibu yaandikwe katika madaftari. Juma lijalo tutasoma barua ya serikali ya mtaa. Kwaherini.